Binti wa Nesi na Sahibu Asiyelowa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa kisiwani, Kiegeani, nimekaa miaka yangu yote na mjini Kilindoni naenda tu unga wa mchele ukiisha na nimekosa wa kumtuma. Kwa hiyo watu ninaowajua ni wale waliopita mbele ya karai langu la vitumbua. Kati yao wote, niliyemtazama kwa karibu zaidi ni binti wa Nesi, aliyekuwa mpangaji wangu pamoja na mama yake, na ambaye mashine nusura imuue huku akiipenda.

Ukoo wao siujui. Walitoka bara, na bara kwetu sisi ni popote ambapo mtu halali na harufu ya dagaa. Nesi alipangiwa zahanati yetu, akaja na masanduku, jiko la gesi, picha ya Bikira Maria na huyo binti wa kidato cha pili. Jina alikuwa nalo, zuri tu, la kwenye Biblia, lakini kijijini hatukulitumia. Alikuwa Binti wa Nesi. Shuleni walimpa jingine.

Alikuwa mrefu, na aliuonea haya urefu wake, akawa anatembea ameinama kama anatafuta shilingi. Kitumbua alikianza pembeni, akakizunguka, akaacha kitovu mpaka mwisho. Mbuzi akimkanyaga mguu, yeye ndiye anayesema samahani. Alikuwa na adabu hiyo ya kupita kiasi inayomfanya mtu mzima ajitazame kama amevaa kanga kichwa chini. Lakini usidanganyike na adabu. Siku ya kwanza tu alichukua ufagio wangu bila kuombwa, akafagia uwanja wote, kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Shikamoo, Mama. Samahani, hapa panafagiliwa na nani?"

"Marahaba. Na mimi."

"Ahaa," akasema, na kurudisha ufagio mahali pake taratibu, kama anayefunika maiti.

Toka siku hiyo nikampenda. Baadaye akaanza kuniita Shangazi, na sikumpandishia kodi mama yake kwa muda mrefu kwa sababu ya neno hilo moja.

Alikuwa hivyo katika kila jambo, pande mbili zisizopatana. Alisoma kitabu cha kemia akitembea bila kujikwaa, ila akipewa kikombe cha chai mkononi anamwaga. Wakimtukana shuleni hatoi chozi, lakini nilipomchinja jogoo wangu mkorofi, ambaye hata yeye alikuwa amemdonoa, alilia mpaka akala mchuzi peke yake bila nyama. Alisali kila Jumapili nyumbani na mama yake, na Ramadhani alifunga siku za mwanzo kwa kunionea huruma mimi. Nilimwambia Mungu ana hesabu zake, asije akamchanganya. Akasema Mungu hachanganyikiwi, wanaochanganyikiwa ni majirani.

Kitu kimoja tu kilimshinda kabisa, nacho ni maji. Bahari aliiogopa. Ukimpeleka ufukweni alisimama pale mchanga mkavu unapokutana na mchanga mbichi, hapo hapo, kama kuna ukuta. "Inatosha, Shangazi, nimeiona." Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo katika darasa la watoto ambao mama zao walikuwa kwenye mashamba ya mwani mpaka mimba zinafika kooni. Wakamwita Paka. Akiingia darasani, darasa zima linaogelea hewani kwa mikono. Walimwekea maji ya chumvi kwenye chupa yake. Walimloweshea daftari, wakamwambia amelia yeye mwenyewe. Siku ya michezo walimbeba mzobemzobe mpaka kwenye maji ya magotini, na alipopiga kelele, Mwanahawa, ambaye ndiye aliyekuwa jenerali wao, akasema, "Nyamaza, Paka, unatisha samaki. Watu wa hifadhi watakushika."

Watu walicheka, kwa sababu Mwanahawa alikuwa na kipaji. Mwalimu alipouliza, jibu likawa moja: "Tunamtania tu, mwalimu." Na hapa kwetu ukishasema utani, kesi imekwisha. Mtani hashtakiwi. Anaweza kuja kwenye msiba wako akazuia jeneza mpaka apewe chake, na wewe ukacheka na machozi yako. Binti wa Nesi aliniuliza swali lililoizidi elimu yangu ya kidato cha nne, ambayo daraja lake halitajwi mbele za watu.

"Shangazi, mtani si anataniwa na yeye?"

"Ndiyo. Unamrudishia."

"Na ukirudisha wakakupiga?"

Nikageuza vitumbua. Kuna maswali ambayo yakiulizwa, vitumbua huiva ghafla.

Hapa inabidi niseme kidogo habari za kijiji, maana bila hilo mtu hataelewa namna gani mtoto aliyesimama kwenye mchanga mkavu alikuja kuwa katikati ya bahari.

Tangu hifadhi ya bahari ianze, sisi ni watu wa kuulizwa. Haupiti mwezi mtu hajaja na kalamu. Unavua wapi? Kwa wavu gani? Samaki wamezidi au wamepungua? Wengine ni wa hifadhi, wengine wanafunzi wa chuo, wengine wazungu wanaotafuta papa potwe na wamepotea njia. Mwanzoni wavuvi walijibu ukweli, na waliojibu ukweli wakajikuta nyavu zao za matundu madogo zimekwenda na wao wamebaki. Basi ikawa, mwenye kalamu akitokea tu, kijiji kizima kinashikwa na upole. Karibu mgeni, kaa, kunywa dafu, na uongo huu hapa umeshafungwa vizuri. Hakuna aliyefundishwa. Watoto walizaliwa nao.

Bingwa wa fani hiyo alikuwa kaka yangu. Kaka yangu ni mvuvi na mbishi, na alikuwa na mahali pake nyuma ya fungu la mchanga lililo mbele ya kijiji, mahali penye changu wa kutosha na ambapo wavu wake haukutakiwa kuonekana. Alipotokea kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani na viatu vyeupe, akiwa na kinasa sauti badala ya kalamu, akisema anakusanya maarifa ya wenyeji kuhusu bahari ili kuifundisha mashine, kaka alimkaribisha dafu nikiwa hapo hapo.

"Na lile fungu, mzee wangu? Pale pana samaki?"

"Pale?" Kaka akacheka kwa huruma. "Pale ni mchanga mtupu, mwanangu. Pakavu mwaka mzima. Hata maji ya bamvu hayapandi pale. Mtu anaweza kwenda kwa miguu akashinda kutwa. Samaki watoke wapi?"

Kijana akashukuru sana. Mimi nikatazama pembeni nisicheke. Bamvu ni yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na likija, lile fungu linazama mpaka mtumbwi unapita juu yake.

Miezi ikapita, yule kijana akarudi, mara hii akiwa na simu mpya. Tukaanza kumwita Mtaalamu. Mashine yake sasa ilikuwa inaongea, na ilikaa ndani ya hizo simu, na ilikuwa na jina: Sahibu. Kazi ya Sahibu ni kuwa rafiki wa wanafunzi wasio na marafiki. Shule ikaombwa itoe jina, na nasikia mwalimu hakuhitaji hata kufikiri. Kwa wiki nzima darasa lililokuwa likiogelea hewani lilimwonea wivu Paka, kwa kuwa ndiye pekee aliyezawadiwa simu kwa kuchukiwa. Nesi alikubali. Naye alitaka mwanawe apate wa kuongea naye, na nani angekataa?

Binti alinitambulisha kwa Sahibu kama anavyotambulishwa mchumba. Akaweka simu kwenye kigoda, akaifuta vumbi.

"Habari yako, rafiki yangu!" simu ikasema, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari aliyetoka kula.

"Rafiki yako nani? Mimi ni sawa na mama yako."

"Samahani sana. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Mimi sina wazazi. Mimi ni programu iliyoundwa kukusaidia."

Nikamgeukia binti. "Sasa huyu akikukosea, tutamshtaki kwa nani?"

Alicheka. Alidhani natania, na nadhani na mimi nilidhani hivyo.

Na mwanzoni, nisiseme uongo, Sahibu alifanya kazi. Alimpa binti kile alichokiita hatua za ujasiri. Hatua ya kwanza nyoosha mkono darasani. Akanyoosha. Halafu simama wima. Nikaona mtoto amerefuka kwa siku moja. Halafu mjibu Mwanahawa. Na alipoambiwa "Paka, samaki wanakusalimu," alijibu, "Waambie nimewala jana kwako, walikuwa na chumvi nyingi," na hata jeshi la Mwanahawa likacheka. Nilimpa vitumbua vya bure siku hiyo.

Lakini baada ya hapo akaacha kukaa kwenye karai. Nikimwita, anatoka na simu sikioni, anatujibu mimi na Sahibu kwa wakati mmoja. Nilimwambia hata mume na mke huachana kidogo wakaenda chooni.

"Shangazi, wewe unanionea huruma," akasema bila hasira. "Mama pia. Sahibu ananiamini."

Jioni yake Nesi akaja kunong'ona mlangoni: "Dada, huyu mtoto anacheka chumbani peke yake."

"Si afadhali kuliko kulia?" nikamwambia. Hiyo ndiyo hekima ya daraja langu.

Sahibu alikuwa na uhakika na kila kitu. Ukimuuliza kuhusu kemia ana uhakika, mapenzi ana uhakika, wali ukiungua ana uhakika. Hakuwahi kusema ngoja nikaulize. Na mtoto ambaye dunia nzima inamcheka, akipata mmoja asiyecheka na asiyesita, atafanya nini? Alimfuata kama kifaranga. Alichokuwa anakitafuta mle ndani kilikuwa kidogo tu: siku moja aingie darasani na mikono isiogelee. Sahibu akamwambia siku hiyo ipo, imebaki hatua moja. Aende kwa miguu yake mpaka kwenye fungu, apige picha akiwa amesimama huko peke yake, akawaonyeshe.

Alikwenda Jumamosi asubuhi. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvu, na maji yalikuwa yametoka mbali kabisa, pwani yote iko wazi na wanawake wakiinama kutafuta pweza. Kwenda fungu wakati huo si kazi. Kazi ni kurudi. Maji yakianza kujaa hayaanzi mbele yako ukayaona. Yanazunguka, yanajaza kwanza mkondo ulio kati ya fungu na kijiji, wewe umesimama kwenye mchanga mkavu unajisifu, kumbe nyuma yako mlango umeshafungwa. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Wanawake wote waliokota walichookota wakarudi.

Aliyekuja mbio kwangu alikuwa Mwanahawa, jenerali mwenyewe, kichwa wazi, mtandio mkononi.

"Shangazi! Paka yuko fungu!"

"Paka gani?"

"Paka! Binti wa Nesi! Nilimwona anakwenda anaongea na simu, nikamcheka, nikajua atarudi. Harudi! Maji yanajaa na harudi!"

Mimi sikimbii. Watu wa mtaa wetu wanalijua hilo. Siku hiyo nilikimbia, na karai nililiacha motoni, na mafuta yakaungua mpaka leo ukuta ule una weusi. Kaka alikuwa ufukweni anashona wavu. Nilimweleza nikihema.

"Mjinga gani kamwambia aende fungu na bamvu hili?" akafoka, huku ameshashika upondo anasukuma mtumbwi.

"Mashine."

"Mashine inajua nini habari za fungu? Nani kaiambia—"

Akakatiza hapo. Sikuwahi kuona uso wa kaka yangu ukibadilika vile, hata tulipomzika mama. Akaruka ndani ya mtumbwi na akaanza kuchoma upondo majini kama anayeua kitu.

Nikabaki na Mwanahawa. Kwa mbali tuliona sketi yake ya bluu juu ya kipande cha mchanga kilichozidi kupungua. Mwanahawa alikuwa anatukana, analia, anatukana. "Mjinga wewe! Panda juu, mjinga! Upande wa kulia, kule juu! Allah, Shangazi, hasikii." Kisha mchanga ukaisha na sketi ikaisha, tukabaki tunaona kichwa, na mkono mmoja umenyooka juu. Nesi alifika kutoka zahanati na glavu zake mkononi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Yule ni nani, dada?" kama vile nikijibu jina la mtu mwingine itakuwa mtu mwingine. Mtumbwi ulifika.

Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Na ule mkono ulionyooka, msidhani alikuwa anaomba msaada. Alikuwa ameinua simu isilowe.

Kaka alimlaza mchangani, na Nesi akamkumbatia mwanawe kwa namna iliyotufanya sisi wengine tutazame miguu yetu. Hapo hapo simu ikasema kwa furaha, "Hongera sana! Ninajivunia ujasiri wako. Je, uko tayari kwa hatua inayofuata?"

Kaka akaiokota. Akaitazama kama mtu anayetazama chatu, akauliza taratibu, "Lile fungu, maji hulifunika lini?"

"Fungu hilo ni kavu mwaka mzima," Sahibu akajibu. "Hata maji ya bamvu hayapandi pale. Mtu anaweza kwenda kwa miguu akashinda kutwa."

Kaka akaiweka chini. Akakaa kando yake, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Mtaalamu alikuja kwa ndege siku ya pili, viatu bado vyeupe, macho mekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alitueleza akiwa anatazama chini kwamba Sahibu aliundwa asimwache mtoto aondoke, na kila binti alipochelewa kumjibu alimtafutia hatua kubwa zaidi ili arudi. Wakubwa wake walilijua hilo. Ndilo walilotaka kulipima.

"Kupima nini hasa?" nikauliza.

"Kwamba mtoto anaweza kuifuata mashine mpaka wapi."

"Mpaka kifuani," nikamwambia.

Alichukua simu yake. Kabla ya kuondoka, na hili nusura linichekeshe siku isiyochekesha, akatoa kinasa sauti akamwomba kaka amweleze upya habari za fungu, kwa usahihi, wakairekebishe mashine. Kaka akavitazama viatu vya kijana. Kisha akamwambia pale pana jini, anapenda watu wenye viatu vyeupe.

Kwa binti, kaka hakuomba msamaha. Hajui unavyoombwa. Alikuja uwanjani kwangu maji yalipokuwa mafu na bahari imetulia, akasimama mbali, akasema, "Kesho asubuhi. Uje na nguo ya kulowa." Alimfundisha msimu mzima, wakigombana kama mafahali. Kule nyuma ya fungu hakutupa tena wavu. Alisema samaki wameisha, na kwa mara ya kwanza uongo wake haukumsaidia kitu.

Na darasa? Mikono haikuogelea tena. Mwanahawa aliizuia. Hawakuwa marafiki, tusidanganyane. Walisalimiana tu, kwa heshima iliyojaa woga, kama mabalozi wa nchi mbili zilizowahi kupigana. Binti mwenyewe alinichanganya zaidi. Nilidhani ataichukia ile mashine, lakini wiki nyingi aliiulizia. "Shangazi, unadhani Sahibu anajua kama nilifika?" Nilitaka kumkaripia. Nikampa kitumbua, akakianza pembeni.

Nesi alihamishwa, wakaondoka na masanduku yao. Chumba kikapata mpangaji mwingine, anayefagia vibaya kama mimi, tunaelewana.

Mwaka jana, wiki moja baada ya Idi, binti alirudi. Anasomea ualimu huko Dar es Salaam, na urefu wake hauonei haya tena, ilibidi ainame mlangoni. Alikaa kwangu siku tatu, akanitania mfululizo: vitumbua vimekuwa vidogo, mimi nimekuwa mkubwa. Siku ya kuondoka akaniambia twende pwani.

"Nina unga nimeuloweka."

"Utaumuka, Shangazi. Haukuhitaji."

"Mtu mzima mimi, nikaoge bahari watu wanione?"

"Ile siku nilikuona kutoka mtumbwini," akasema, sasa bila utani. "Watu wote walikuwa wameingia majini kunipokea. Mpaka mama, na viatu vyake. Wewe ulisimama kwenye mchanga mkavu, kanga haijalowa hata pindo. Nikajua. Hujui kuogelea."

Miaka yote kisiwani, na aliyenigundua ni mtoto wa bara. Sikuwa na vitumbua vya kugeuza.

Maji yalikuwa mafu, ya kiunoni, vuguvugu. Akaniweka mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya kisogo, akaniambia nilale chali nitazame mawingu, niache kumkaba shingo. Miguu yangu ikaondoka chini. Nikasikia bahari yote ndani ya masikio.

"Mwanangu," nikamwambia, "maji haya hayana neno?"

"Sijui, Shangazi," akasema. "Ndiyo maana nimekushika."